Kasiki la Bibi

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi ile kule Masalani, mwaka wa ukame, mfanyabiashara mgeni alipoingia bomani kwetu akiulizia vyombo vya zamani. Nilikuwa msichana. Kaka yangu Yusuf, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa na watoto wakilala njaa, alimtolea kasiki tuliloachiwa na bibi: mtungi mkubwa wa udongo, wenye rangi ya kijani inayong'aa, na ufa shingoni uliofungwa kwa waya.

Mgeni alilipindua, akatazama kitako, akakipapasa, akatazama tena. Kisha akasema, "Chungu cha kawaida tu. Nitakupa gunia la unga."

Yusuf alikuwa tayari kupokea. Ndipo shangazi yetu, Eddo Shamsa, aliposema kwa upole, "Chungu cha kawaida hakitazamwi kitako muda wote huo. Tuache kwanza, ndugu."

Mgeni alipoondoka, Yusuf alilia kwa hasira. "Eddo, watoto watakula kasiki?"

Eddo hakumgombeza. Alimshika bega. "Ukiuza sitakuzuia. Ila ujue kwanza unauza nini." Akatukataza hata kulisugua kwa mchanga, tusije tukafuta alama za ukale wake.

Tulilipeleka Garissa, kwa mama mmoja aliyesomea vyombo vya kale, asiyenunua wala kuuza. Alituonyesha kitako kilichoachwa bila rangi, akasema hiyo ni dalili kwamba kasiki hilo lilichomwa tanuruni ng'ambo ya bahari, karne nyingi nyuma. Akauliza habari za ufa. Eddo akasimulia: bibi alihama nalo juu ya ngamia, limejaa maji ya watoto. Ngamia akajikwaa, likapasuka, babu akalifunga papo hapo kabla maji hayajaisha. Mmoja wa watoto hao alikuwa baba yetu. Yusuf hakuwa amewahi kuyasikia hayo; akainamisha kichwa.

Aliliuza hata hivyo, kwa jumba la makumbusho, kwa bei ya haki. Watoto wakala, ng'ombe waliobaki wakanunuliwa malisho. Siku ya kuliacha, alimsimulia mhudumu kisa chote cha ule ufa ndipo akatoka.

Basi mwanangu, ukiachiwa chombo na wazee wako, usikisugue, na usimwachie anayekitaka akupangie bei. Waulize wakubwa wangali hai kilitoka wapi. Mwonyeshe mjuzi asiye na haja nacho. Kisha kiweke, au kiuze bila aibu ukibanwa, maana watu ni bora kuliko udongo. Allah akupanulie riziki, na akuepushe na kuuza usichokijua.