Mzee Niliyemkaribisha Viazi

Kama umekuja kucheka, kachekee huko nje kabisa. Haya ninayokwambia yalinipata mimi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la ulanzi. Mimi ni seremala, kibanda changu kipo Makambako, na wanaonijua wanajua sina tabia ya kutunga maneno.

Mwaka juzi mama mmoja mwenye uwezo, tumwite Mama Salome, alijenga nyumba mlimani, juu ya mji wa Njombe, upande wa kwenda Lupembe. Badala ya kununua makochi kama watu wengine, akaagiza samani za kale kutoka China: makabati mekundu, viti vya migongo iliyonyooka, kiambaza cha kukunja kilichochorwa korongo, na meza moja ndefu nyembamba, ncha zake zimepinda kwenda juu. Akaniita nizikarabati. "Fundi, hivi vitu vina umri kumshinda bibi yako," aliniambia. "Ukinikwaruzia hata kimoja, utanijua." Ndivyo anavyoongea na watu.

Ile meza alitaka aweke televisheni juu yake. Nikaisukuma mpaka ikagusa ukuta, hata kiganja hakipiti. Kumbuka hilo.

Kwenye droo yake nilikuta majivu, vijiti vya ubani vilivyoungua nusu, na kibao chekundu chenye kiguu cha kusimamia, kina maandishi ya Kichina ya dhahabu kutoka juu kwenda chini. Nikampigia simu, maana yeye alikuwa Dar es Salaam. "Takataka zote za kwenye droo choma," akasema, "usinijazie nyumba." Sikuuliza mara mbili. Najuta mpaka leo kwamba sikuuliza mara mbili.

Ilikuwa mwezi wa saba. Unaijua baridi ya Njombe ya mwezi wa saba? Saa nane mchana ukungu ulikuwa umefunika mpaka geti. Mkaa umeshika unyevu, unatoa moshi tu, na mimi njaa inaniuma. Nikachukua kile kibao, nikakipasua kwa patasi, nikawashia jiko pale barazani. Kikawaka vizuri mno. Viazi vikaiva upesi kuliko kawaida.

Nikaipeleka sufuria ndani, nikaitua juu ya ile meza, na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Ndipo nikaona mtu mlangoni. Mzee mwembamba, joho la kijivu mpaka miguuni, viatu vya kitambaa. Mchina. Nikadhani ni wa wale wajenzi wa barabara, kapotea kwenye ukungu. Mdomo ukasema wenyewe: "Karibu viazi, mzee."

Sasa niambie, wewe umesema hivyo mara ngapi? Tunamkaribisha kila anayepita, naye anajibu asante, endelea, anakwenda zake. Nani anategemea mtu aingie kweli?

Huyu aliingia. Nyasi za nje zilikuwa zimelowa chapachapa, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Niliinama kuokota kifuniko, na nilipoinua macho alikuwa amesimama nyuma ya meza, ananitazama. Nyuma ya meza, nakuapia, upande wa ukuta, pale ambapo kiganja hakipiti.

Akainama juu ya sufuria, akavuta mvuke kwa pua mpaka ukaisha. Viazi vikapoa papo hapo. Kisha akanisalimia, "Kamwene." Kibena cha wazee wa Lupembe, mimi mwenyewe sikiongei hivyo. Na kwa Kibena hichohicho akaniambia, "Umechoma kiti changu."

Niliogopa, sifichi. Lakini mimi nikiogopa huwa mkali. "Mzee, mimi nimeagizwa! Kamdai mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba hakunikaribisha," akasema. "Wewe umenikaribisha. Nitakula kwako mpaka unirudishie kiti changu, kile kibao chenye jina langu."

Alisema hayo kwa chuki ambayo sijaiona kwa mtu aliye hai. Nikakimbia, misumeno yangu nikaiacha kulekule. Nikapata lori la chai, nikashukia Makambako jioni.

Mke wangu akaandaa ugali na maharage. Tonge la kwanza, hamna kitu. Nikamfokea kwamba hajatia chumvi. Akaonja sahani yake, akasema imekolea, nina nini leo? Nikaangalia. Sahani yake ilikuwa inatoa mvuke, yangu ya baridi kabisa. Nikainua macho taratibu, nikamwona nyuma ya meza yetu, upande wa ukuta. Mke wangu hakumwona, na hamwoni mpaka leo.

Tangu siku hiyo sijasikia ladha ya chakula. Mchungaji aliniombea, akanipa chai na maandazi kwake, na mzee akaja akanitangulia kuvila. Mkanda nimeutoboa matundu mapya mpaka nimechoka. Vibao nimechonga vingi, vizuri kuliko kile cha kwanza, lakini jina lake silijui. Nilimwomba Mama Salome picha aliyotumiwa na muuzaji, labda kibao kinaonekana na jina lake linasomeka. Picha ipo, meza inaonekana yote, droo imefungwa. Kila kibao ninachomwekea nakikuta asubuhi kimepasuka katikati, palepale nilipopiga patasi. Na huyo mama? Anaangalia televisheni yake, ananenepa.

Kwa hiyo nakuonya. Ukinunua samani iliyokaa nyumbani kwa watu, fungua droo zote, na unachokikuta usikichome hata akuagize nani. Na unapokula, kabla hujafungua mdomo, mtazame kwanza anayepita.

Mimi sikaribishi mtu tena. Ninakula mlango umefungwa, na unajua kwetu mtu wa namna hiyo anaitwaje. Majirani wameacha kunisalimia, watoto wao wanaambiwa wasije kwa yule mchoyo. Waseme. Sijui ana wenzake wangapi wenye njaa, na sijui kama atachoka na mimi ahamie kwa atakayekaa karibu yangu. Ukipita kwangu ukasikia vijiko, usibishe hodi. Nisipokukaribisha, ujue nakutakia mema.