Karatasi Niliyoing'oa Ubaoni

Kwa miaka kumi na moja ratiba ya chuo chetu kidogo, nje ya mji wa Chake Chake, ilitoka mkononi mwangu. Nasema hivyo kwa majivuno, na majivuno ndiyo yaliyoniponza. Kila muhula wa likizo ukikaribia nilitandika karatasi ya manila mezani, nikapiga mistari kwa rula, nikaanza kugombana na kalenda. Muhula huo ulikuwa wa walimu wa skuli waliosoma huku wakifanya kazi, pamoja na wale waliobakiwa na mtihani wa kurudia. Usigongane na Ramadhani. Usigongane na karafuu, maana zikishakomaa hata mhadhiri humpati, yuko shambani kwao Ole anahesabu pishi. Nao wahadhiri wa Unguja walitaka vipindi vyao vyote vibanwe wiki moja wapate kurudi makwao. Nikimaliza nilikuwa naibandika ubaoni pale barazani, kisha nasimama kando nikijifanya nasoma tangazo jingine, nisikie watu wakiusifu mwandiko wangu.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, mkuu wa chuo aliniita akaniambia ratiba sasa itawekwa mtandaoni. "Karatasi basi tena," alisema. "Huko tumeshatoka." Siku za mafunzo nilikaa nyuma nimenuna, lakini nilijifunza, mjinga si mimi. Kazi iliyokuwa ikinichukua siku nne ikawa ya saa mbili, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikaandika na karatasi vilevile, nikaibandika. Mkuu alipita, akaitazama, akatabasamu, akaniacha nayo.

Wiki ya mwisho ya muhula ikikaribia, zikaja habari kwamba Alhamisi, siku ya mtihani wa kurudia, chama kimoja kimepewa kibali cha mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa jirani. Miaka ile kwetu hujui mkutano utaishaje. Kulikuwa na watu wa ukoo mmoja waliokuwa hawazikani kwa ajili ya vyama. Mkuu akaamua mtihani ufanywe Jumanne, siku mbili kabla. Nikaibadilisha tarehe mtandaoni, dakika moja tu, nikachukua kalamu niende nikaisahihishe karatasi.

Nikafika mlangoni, nikasita. Nikasema moyoni, si walitaka mtandao? Basi na wawe na mtandao wao. Nilitaka wawili watatu waje siku isiyo yao, wapige kelele, mkuu aone. Nikairudisha kalamu mfukoni, nikaenda kunywa chai.

Jumanne walikuja wote, wameambizana kwa simu, isipokuwa mmoja. Alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi huko Kiuyu, mama mtu mzima aliyenizidi umri. Niliona pa kutia saini yake patupu. Nilijua amefiwa na mumewe mwezi uliopita, nikadhani msiba umemshinda.

Alhamisi asubuhi ikaingia vespa, kaka yake anaendesha, yeye nyuma. Uwanjani walikuwa wanajaribu vipaza sauti. Alikuja moja kwa moja dirishani kwangu katika nguo zake za eda, hana hina, hana wanja, na kalamu mbili mkononi.

"Asalaam alaykum, ndugu yangu. Chumba n'kile kile?"

"Waalaykum salaam, Mwalimu. Mtihani umefanywa Jumanne."

Hakuelewa. Akatoa kipande cha karatasi ya daftari, akakinyoosha kwenye kizingiti cha dirisha. "Mdogo wangu kaja mwenyewe Jumatatu kunakili hapa ubaoni. Kaandika Alhamisi."

"Ilibadilishwa. Iliwekwa mtandaoni."

"Mie simu ya mtandao sina. Ilokuwapo ya marehemu, nayo imefungiwa na vitu vyake mpaka mirathi."

Akanieleza, taratibu, kama anamweleza mtoto darasani. Eda yake ilikuwa haijafika hata nusu. Shehe wa kwao aliulizwa, akasema anaweza kutoka mchana kwa dharura ya mtihani, aende na kurudi kabla ya magharibi. Wakwe walinung'unika, kaka akawasimamia. Usiku alisoma kwenye chumba cha eda. Somo hilo alikuwa ameshalifeli mara mbili, na miaka yake ya kuandikishwa ilikuwa inakwisha muhula ule. Asipolifanya, shahada hana.

"Ngoja nikaangalie," nilimwambia. Nikatoka, nikaenda ubaoni, mahali asipoweza kuniona, nikaing'oa karatasi yangu, nikaikunja na kuitia ndani ya shati. Sijawahi kufanya jambo kwa haraka vile. Kaka yake alipomaliza kuegesha vespa akaja kutazama. "Hapa hapana kitu, dada," alisema.

Mkuu alihangaika, kwa hilo simlaumu. Alimpigia mhadhiri, naye alikuwa keshavuka kwenda Unguja na madaftari ya majibu. Akaniambia niandike barua ya kumwombea kwa bodi ya mitihani. Nikaiandika vizuri sana, nikataja eda, nikataja ruhusa ya shehe, nikataja mdogo wake aliyetumwa kunakili. Kuhusu karatasi ya ubaoni sikutia neno. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: tangazo lilitolewa mahali panapotambulika, na kama aliyetumwa alinakili vibaya, chuo hakihusiki.

Eda ilipokwisha alikuja kuchukua vyeti vyake vya zamani. Alikuwa amekonda. Nilivitoa kabatini nikampa, naye akavihesabu bila kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Wallahi nilikuwa nimejiandaa, maneno nilikuwa nayo tangu alfajiri.

"Mimi nishapoa," alisema yeye kwanza. "Alonishinda ni mdogo wangu. Kaishia darasa la saba, kusoma kwake kwa shida, basi kashika kwamba yeye ndiye aloniangusha. Hali chakula, analia tu. Nnamwambia nishakusamehe, hasikii." Akavitia vyeti mkobani. "Kaja nami leo, yuko barazani. Hebu mwambie na wewe, wewe ntu wa ofisi, labda atasikia."

Nikatoka. Mwanamke mwembamba alikuwa amekaa chini ya ule ubao, ushungi umemfunika hadi machoni. Nikachutama mbele yake. Nikamwambia asilie, kila mtu hukosea, dada yake amemsamehe na sisi chuoni tumemsamehe.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.