Mwalimu wa Kuja

Nilikuwa nimekwisha kuvuka miaka arobaini nilipomwelewa baba yangu, na nilimwelewa nikiwa nimekaa sakafuni huko Korea, mbele ya bakuli la supu nyekundu ya nyama.

Nilikuwa nafundisha Kifaransa katika shule ya wasichana, kwenye mji mdogo ambao mweusi nilikuwa mimi peke yangu. Kule viatu huvuliwa mlangoni, hata shuleni, na kandambili zote walizonipa ziliniacha visigino nje. Wanafunzi waliniuliza umri kabla ya jina, maana bila umri hawakujua waniite kwa heshima gani. Nilipokula kabichi yao ya pilipili bila kukohoa, walimu wote mezani walipiga makofi. Walikuwa wema, rafiki yangu, siwezi kuwasingizia. Lakini nikirudi chumbani nilikosa hata mtu wa kugombana naye kwa lugha yangu.

Kisha mwalimu mwenzetu akafiwa na mama yake. Walimu wote tulipanda basi kwenda msibani, tukaketi sakafuni, tukapewa supu. Mfiwa aliacha ndugu zake akaja kuniinamia mimi, mgeni, akanishukuru kwa kufika. Kijiko kilinishinda. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi Élisabethville, mji wa migodi huko Katanga, katika kambi ya wafanyakazi, kwenye njia ya Kipushi, na nilikuwa na miaka tisa.

Sisi tulikuwa watu wa Kasai, jimbo jingine la mbali. Baba aliletwa kufundisha watoto wa kambi, na Kiswahili alijifunza kwa miezi mitatu. Kwa lugha yetu jana na kesho ni neno moja, kwa hiyo baba alisimama mbele ya darasa na kusema, "Jana mtaleta madaftari," na watoto wakaanguka kwa kicheko. Wakamwita Mwalimu Jana. Mimi nilikuwa darasa lile lile, benchi la mbele, na nilicheka pamoja nao ili nisiwe peke yangu. Alinitazama mara moja tu, akageukia ubao.

Kambi ilikuwa na mlango mmoja. Nyumba za matofali zilipangwa mistari, zote sura moja, hata mama alipotoka nje wiki za kwanza alikuwa akihesabu milango ili asiingie kwa wenyewe. Honi ya mgodi ilituamsha, honi ikatulaza. Kutoka kwenda mbali kulitaka karatasi ya ruhusa. Mama alichota maji wenzake wakiisha kuondoka bombani, maana akifika walinyamaza. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mke wa mchimbaji, mtu wa kaskazini ya Katanga, alipika sombe, majani ya muhogo, yenye harufu iliyotujia hadi kitandani, lakini salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa tu. Kwa wenzake alituita bakuya-kuya, watu wa kuja. Mama alikuwa akisema, "Mgeni hutembea kando ya njia," na kweli alitembea kando.

Siku moja barua ikaja: nyanya, mama yake mama, alikuwa mgonjwa sana. Mama alifunga mzigo asubuhi ile ile. Vitenge viwili, mkate wa kula kwenye gari la moshi, chumvi ya kumpelekea mamake. Bila ruhusa ya mkuu wa shule baba asingepata karatasi, na bila baba mama asingepata yake. Baba akanishika mkono twende wote. Nadhani alitumaini mtoto angelainisha moyo wa mtu.

Nilisimama barazani. Dirisha lilikuwa wazi. Mkuu, Mbelgiji mwenye sauti ya upole, hakumkaripia. Alisema mgonjwa ni mama wa mke, si mama wa mwalimu. Alisema mkaguzi anakuja, na darasa haliwezi kuachwa. "Utaomba tena wakati wa likizo." Baba alijibu, "Oui, monsieur." Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza.

Njiani aliniambia, "Mwambie mama kwamba mkuu hakuwepo. Tutarudi kesho." Neno hilo kesho alilisema sawasawa, bila kukosea.

Nikasema uongo. Siku ya kwanza mama alisema, haya, kesho. Siku ya pili akaufungua mzigo, akatoa mkate uliokuwa umeanza kukauka, akatugawia, akaufunga tena. Sikuweza kuumeza wangu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na popote nilipokaa nilikuwa mbele ya macho yake. Siku ya tatu, saa sita mchana, mtu wa kwetu aliyeshuka kwenye gari la moshi alifika na habari: nyanya amekwisha kuzikwa.

Mama hakulia palepale. Aliniuliza, "Mkuu alikuwepo?"

"Alikuwepo," nikasema.

Alitoka nje, akaketi chini mbele ya mlango, akapiga yowe. Sijasikia tena sauti kama ile. Askari wa kambi akaja mbio, akasema makelele hayaruhusiwi, watu wa zamu ya usiku wamelala. Mama hakumsikia. Ndipo mlango wa jirani ukafunguka. Alitoka na mikono yenye unga, akasimama kati ya askari na mama.

"Weye, rudia ku mulango yako," akamwambia. "Huyu muntu anafiwa na mama yake. Weye hauna na mama?"

Askari akarudi nyuma. Jirani akavua kitambaa cha kichwa, akaketi kando ya mama, akaanza kulia kwa nyimbo za kwao ambazo mama hakuzijua. Wanawake wengine wakatoka mmoja mmoja, wale wale wa bombani. Mmoja alileta bukari, ugali wa huko, mwingine mkeka. Mama alilia kwa lugha yake, wao kwa yao, na msiba ukawa mmoja.

Baba alirudi kutoka darasani, chaki kwenye mikono ya koti. Akasimama asijue aelekee wapi. Jirani akamwonyesha mkeka: "Mwalimu, ikala. Leo hauko mwalimu. Uko mukwe mwenye kufiwa." Baba akaketi, akajifunika uso.

Kesho yake alifundisha kama kawaida. Hakuomba ruhusa tena mpaka likizo. Kaburi la nyanya, mama aliliona miaka miwili baadaye.

Nilikuwa mtu mzima tayari, tunakaa mtaa wa Katuba, nilipothubutu kumwomba mama msamaha kwa uongo ule. Aliendelea kuchambua mboga. "Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Ulikuwa hunitazami. Lakini kama ningesema najua, ningefanya nini na baba yako? Ningelala naye vipi nyumba moja?"

Siku hizi kambi ile imepotea. Mlango umeng'olewa, kila mwenye nyumba amejenga ukuta wake na kupaka rangi yake, na wale wanawake wametawanyika au wamelala makaburini. Mama amekwenda, jirani amekwenda. Baba alitangulia wote, nami sikuwahi kumwambia kwamba nimeelewa kilichomziba kinywa ofisini mwa mkuu: mwalimu wa kuja, ugenini, hana pa kusimama akikataa. Nilipokuwa tayari kumsamehe, na kumwomba msamaha kwa kile kicheko cha darasani, alikuwa hayupo.