Uvimbe Pajani mwa Bubu

Jua bado halijachomoza Changamwe. Nyuma ya yadi ya makontena, Rashid Mwidani anaosha mkono uliolambwa na mbwa: mara moja kwa maji yaliyokorogwa na udongo, mara sita kwa maji matupu. Kisha anabadili nguo, anatandika mkeka na kuswali. Mbwa mwenyewe, Bubu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa habweki ovyo, amelala langoni akimtazama.

"Kwetu Mtongwe wananiita Baba Mbwa," anasema Rashid, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, huku akicheka. "Nawaambia, mbwa wa ulinzi dini haikumkataza. Imenitaka nijitwahirishe tu, nami najitwahirisha."

Kwa miaka sita ameongoza mbwa wa kampuni moja ya ulinzi, kwa mshahara wa shilingi elfu kumi na tisa kwa mwezi. Ili asinajisike kila mara, alijizoesha kumshika Bubu kwa glavu nene za ngozi. Glavu hizo ndizo zilizomponza. Bubu alipoanza kuchechemea mwaka jana, Rashid alidhani amejikwaa. Mpaka siku alipovua glavu kumtoa kupe.

"Nikagusa kitu kigumu nyuma ya paja, kama kidaka cha nazi."

Meneja wa zamu, Kefa, aliubonyeza uvimbe ule kwa ncha ya kiatu, akatoa hukumu papo hapo.

"Saratani hiyo. Ijumaa ijayo atadungwa sindano alale moja kwa moja."

"Bosi, mwite daktari amtazame kwanza."

"Rashid, mbwa ni kifaa. Taa ikiungua, huwa unaiitia daktari?"

Yadi ile hulinda mali ya mamilioni. Hata hivyo, hapakuwa na mtu aliyelipwa kumpapasa mbwa na kuuliza anaumwa wapi. Wa kumdunga sindano ya mwisho, huyo alipatikana kwa simu moja.

Rashid hakukubali. Alimpeleka Bubu Kisauni kwa Daktari Mercyline, anayetibu wanyama, ambaye aliudunga uvimbe kwa sindano nyembamba na kuvuta mafuta.

"Basi ni mafuta tu?" Rashid aliuliza.

"Si haraka hivyo, kaka. Kuna saratani inayoota kwenye mafuta hayo hayo. Na sehemu kubwa ya uvimbe huu imejificha chini ya misuli, vidole vyangu havifiki. Tumpige picha ya CT."

Mashine ya CT hupiga picha za mwili vipande vipande, kama mkate unavyokatwa, daktari akaona kilichomo ndani bila kupasua. Kituo kimoja cha binafsi kilikubali kumpokea Bubu Jumapili, siku tano kabla ya sindano, wagonjwa wakishaondoka. Walinzi wenzake Rashid walichanga.

Habari zilimfikia jirani yake, Nyamvula, ambaye alimngoja mlangoni.

"Mamangu kafa akingoja foleni ya mashine hiyo. Wewe leo wampeleka mbwa?"

"Dada, wallahi hasira yako ni ya haki," Rashid alimwambia. "Lakini aliyemnyima mamako si mbwa."

Jumapili hiyo Bubu alilazwa usingizi, akasukumwa ndani ya duara la mashine. Katika picha za CT mafuta huonekana meusi, misuli kijivu, mfupa mweupe. Daktari Mercyline aliweka kidole kwenye kioo.

"Ona. Weusi wake ni wa namna moja, na kingo zake ni safi. Hakuna nyuzi zilizopenya kwenye misuli, na mfupa ni mzima. Ni donge la mafuta lililobanwa katikati ya misuli miwili. Kubanwa huko ndiko kulikolifanya liwe gumu."

"Saratani je?"

"Siioni hapa. Nitalitoa, maabara ihakikishe."

Maabara ilithibitisha, nayo ile sindano ya mwisho ikafutwa. Jeraha lilipopona, Bubu alirudi kazini bila kuchechemea. Kefa hakuomba radhi.

Lakini furaha ya Rashid ina uchungu ndani yake. Kabla ya Bubu, anasema, mbwa watatu wa kampuni hiyo walidungwa kwa sababu ya uvimbe, na hakuna aliyewahi kuwatazama. "Tuliwazika tukiambiwa ni saratani," anasema, sauti ikimpanda. "Nani aliona? Kwa macho gani?"

Sasa yeye na wenzake wanadai kwamba mbwa yeyote asidungwe kabla daktari hajampima. Hawajajibiwa. Na wiki hii, katika yadi nyingine ya kampuni hiyo huko Mikindani, mbwa jike aitwaye Malkia ameonekana na uvimbe kifuani. Amepangiwa sindano Jumatatu.

Rashid ameshazungumza na Daktari Mercyline. Wataingia Mikindani Jumamosi, waruhusiwe wasiruhusiwe.

"Kefa aniambia napoteza wakati, kwamba huyu Malkia ana saratani kweli," anasema, akimfunga Bubu mshipi wa doria. "Huenda. Lakini anayesema hivyo, awe ametazama ndani."