Taa ya Viroboto ya Bibi Sikudhani

Bibi Sikudhani, mama yake baba, alikuwa na kuku kumi na tisa wa kienyeji pale Issuna, na wote walilala ndani pamoja nasi. Chumvi, mafuta ya taa, madaftari ya wadogo zangu, vyote vilitoka kwa kuku hao. Mimi shule niliachia darasa la nne, nikabaki kumsaidia.

Mwaka juzi viroboto walituingilia. Bibi hakutaka dawa. "Kuku anadonoa chini siku nzima. Atajuaje hii ni sumu?" Kila jioni aliweka beseni la maji sakafuni, akatia sabuni ya unga, akapindua kopo katikati na kusimamisha kibatari juu yake. Viroboto waliufuata mwanga, wakarukia majini, na maji ya sabuni hayakuwaachia.

Jirani yetu Alute alimkuta akiwasha.

"Shikamoo, bibi. Umewafungulia viroboto shule ya jioni?"

"Marahaba. Waache wasome. Wako umewaacha wajinga, ndiyo maana unajikuna."

Nilicheka. Lakini kisimani wasichana waliona alama miguuni mwangu, wakawa wanasogeza ndoo zao mbali na yangu. Nikamwambia bibi njia yake ni ya polepole mno.

"Wanapungua," alisema. "Wiki ya kwanza beseni lilikuwa jeusi. Leo wapo kumi tu. Vumilia, mama."

Kweli walikuwa wanapungua, hata mimi niliona. Sikuvumilia.

Siku aliyokwenda msibani nilichukua dawa ya kuhifadhia mahindi iliyobaki stoo, nikainyunyiza sakafu nzima ya vumbi. Nilidhani nikifagia jioni itakuwa imeisha. Jua lilipokuwa kali kuku waliingia ndani, wakajichimbia kwenye vumbi lile na kulioga, kama walivyozoea kila siku.

Bibi alirudi akakuta wengine wanatetemeka. Kesho yake walibaki wawili.

"Ni kideri," alisema, akichimba shimo nyuma ya nyumba. "Mwaka huu sikuwachanja. Uzembe wangu mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshika tenga lenye mizoga. Nikaimwaga shimoni, nikaanza kufukia.

Hakufuga tena. Alisema hajiamini. Baada ya mavuno shangazi Rukaiya alimchukua kwake Manyoni, na huko, anasema shangazi, kila mwenye kuku anaambiwa na bibi mwenyewe habari ya bibi mzembe wa Issuna. Juzi bibi alinipigia simu.

"Mjukuu wangu, ukija kufuga usiwe kama mimi. Uchanje."

"Ndiyo, bibi," nikamwitikia.