Siku Niliyogoma Kulala Kifudifudi Ukweni

Siku ya kupeleka mahari, mbele ya ukoo mzima wa mchumba wangu, niliambiwa nilale kifudifudi.

Nikagoma.

Kwetu Wayoruba bwana harusi asipolala chini mbele ya wakwe, kifua kwenye vumbi, hapewi mke. Hakuna mjadala.

Na sikugoma kwa kiburi. Tangu alfajiri uanaume wangu ulikuwa umesimama na umegoma kushuka.

Cheka tu. Kila niliyemsimulia alicheka. Mimi siku ile nilitaka kulia.

Naitwa Gbadebo, fundi majokofu hapa Ibadan. Nina selimundu, ile mnayoiita sikoseli. Chembe za damu za wenzangu ni za mviringo, zinateleza zenyewe. Zangu zikikosa maji zinapinda kama mundu, zinanasana, zinaziba njia. Zikiziba mgongoni, nalia mgongo. Zikiziba kule, damu inaingia na haipati pa kutokea.

Si hamu hiyo jamani. Ni foleni. Na inauma kama jipu.

Morenike, mchumba wangu, alijua naumwa. Damu yake yeye haina shida, kwa hiyo watoto wetu wangekuwa salama. Aliniomba kitu kimoja tu, nisiwaambie wazazi wake mapema. Sababu hakunipa.

Lakini hili la kule sikumwambia yeye wala daktari. Lilikuwa linanijia usiku, naoga maji baridi, linatulia, nanyamaza. Ningeanzia wapi?

Sasa kuelekea siku yenyewe nikajinyima maji, nisije nikawa naomba kwenda chooni kila saa na lile agbada, joho pana kama shuka la kitanda. Ujinga huo ndio ulioniponza.

"Haya bwana harusi!" mama MC akapaza sauti. "Kifua chini tukuone!"

Marafiki zangu wote wakajitupa chini. Nikabaki nimesimama peke yangu katikati ya uwanja.

Sikiru, rafiki yangu wa damu, akanivuta joho akiwa palepale chini. "Lala basi, jua linatuua!"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

Nikainama kidogo, nikamnong'oneza. Akatazama joho langu. Akanitazama usoni.

"Wee! Umebugia dawa za nguvu? Fungate bado, kaka!"

Mama MC naye hakuniacha. "Jamani wakwe, mbona bwana harusi wetu kasimama kama mlingoti?"

Watu wakaangua kicheko. Laiti wangejua.

Kicheko kikaisha, mimi bado nimesimama. Shangazi mmoja akabetua midomo. "Huyu anatudharau. Tumpe binti yetu mtu asiyeinama?"

Nikajaribu kupiga magoti. Maumivu yakanipanda hadi kooni, nikasimama tena, jasho linanitiririka. Morenike alikuwa mlangoni na mashoga zake. Alinitazama mara moja, akageuza uso.

Neno moja tu lingeniokoa. Nikaona bora nimkose Morenike kuliko kulitamka mbele ya mama yake. Aibu ilinifikisha huko.

Ndipo baba yake akanyanyuka. Mzee Adeagbo, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa fimbo. Nikajua kofi hilo linakuja.

Akaleta mdomo sikioni kwangu.

"Tangu saa ngapi?"

"Nini, baba?"

"Usinichezee. Macho yako ya njano nimeyaona tangu unaingia. Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri."

Akafumba macho. Halafu akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Nani kaziba gari langu? Toeni!"

Aliendesha mwenyewe.

Hospitalini nako, daktari ni binti, rika la mdogo wangu. Aibu juu ya aibu. Akanipiga ganzi, akaivuta ile damu kwa sindano. Ilikuwa nyeusi kama oili chafu.

"Yakipita masaa manne, nyama za ndani zinaanza kufa," akasema. "Umechelewa, ila nadhani tumeiwahi. Ilishawahi kukutokea?"

"Usiku usiku."

"Na hukusema?"

"Niliona aibu."

"Haya, aibu imekusaidia nini?"

Nikatazama ukuta.

Akanieleza taratibu. Kumbe nilipokuwa tumboni nilikuwa na damu nyingine, ya kichanga, isiyopinda. Nilipozaliwa mwili ukaizima kama taa. Kuna vidonge vya kila siku vinavyoiamsha kidogo, angenianzishia nikishapimwa. Na huko ng'ambo sasa wanatoa seli kwenye uboho wa mgonjwa mwenyewe, wanarekebisha swichi ndani yake, wanamrudishia, na damu ya kichanga inawaka tena. Wapo waliosahau maumivu.

"Bei yake?" nikauliza.

"Leo pumzika tu," akacheka.

Mzee Adeagbo alikuwa kasimama mlangoni, kofia mkononi. Alisikia yote.

"Daktari, hiyo swichi, inamsaidia ambaye kule kumeshaharibika?"

"Inazuia mapya, baba. Kilichokufa hakirudi."

Mzee akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu.

Daktari alipotoka, akaniambia. Kaka yake Morenike, Folarin, ana selimundu kama mimi. Kumbe ndiyo sababu Morenike aliniomba ninyamaze. Akiwa chuo alirudi nyumbani asubuhi moja, kainama, hasemi kitu.

"Nikadhani kala dawa za wahuni. Nilimchapa, mwanangu. Nikamfungia chumbani hadi kesho yake, ajifunze kuona haya."

"Yuko wapi sasa?"

"Cotonou, huko Benin. Hana mke. Simu yangu hapokei." Akatoa simu yake mfukoni, akanisomea namba ya Folarin. "Mpigie wewe. Kwa namba yako."

Nikapiga, mzee amekaa pembeni anatazama sakafu.

"Nani mwenzangu?"

"Shemeji yako, Mungu akipenda. Nina ugonjwa wako. Leo umenishika ukweni, mbele ya baba yako."

Nikatazama simu kama kakata.

"Alikupiga?"

"Hapana. Alinileta hospitali. Kaendesha mwenyewe."

Nikasikia mtu mzima akivuta kamasi.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Hakuweza kusema chochote isipokuwa jina la mwanawe. Nikageukia ukuta, kwani aibu ile haikuwa yangu kuitazama.

Mwezi uliofuata nililala kifudifudi, pua kwenye vumbi. Mama MC akaniambia niinuke, nikabaki kidogo. Raha ya kulala kwa tumbo hamuijui nyie.

Ndugu yangu mwenye selimundu, ikikukamata na haishuki, kimbia hospitali na useme kwa mdomo wako. Na wewe mzazi, mtoto akija kainama, weka fimbo chini kwanza. Muulize tangu saa ngapi.