Jina la Kujaribia

Fundi wa kompyuta aliyetoka Nyasho kuja shuleni Butiama hakuwa mtu wa haraka. Mkuu wa shule alimwita aweke programu ya kuzuia akaunti za watu wanaowinda watoto mtandaoni, maana sheria imekuwa kali. Mwalimu Dorah, aliyeachiwa kumsimamia, akabaki anaangalia vidole vinene vya fundi vikishuka kimoja kimoja kwenye kibodi, midomo ikinong'ona kila mstari wa amri kama mtu anayesali rozari. Programu ilipogoma hakuigombeza. Alirudi mwanzo wa mstari, akakuta nafasi iliyozidi, akaifuta, akapuliza vidole, akaanza upya. Na kila kompyuta aliijaribu kwa jina lilelile la akaunti: Kaka Mpole. Skrini ikaandika: Imezuiwa. Akaliandika tena, na tena.

"Si imeshakubali, fundi?"

"Imekubali, mwalimu."

"Sasa huyo Kaka Mpole ni nani?"

Fundi akalifuta jina kwenye skrini.

"Alikuwaga anachati na marehemu binti yangu," akasema, kwa sauti ileile ya kusomea amri. Kisha akaliandika tena.

Imezuiwa.